Swali yenye haiko mu machine

Ulisha kuulizwa fasi nkambo yako, babu yako, alizaliwa, wakati unataka tu kuuzisha mabanc ya kuikalia?

Juzi, mu bureau moja ya marchés publics, fasi serikali inachagula wenye kuiuzishia vitu, hapa Kolwezi, niliona tata menuisier, fundi wa mbao, mutu wa Kasai. Zamani, wakati kampani ya mine ilianguka na batu ya Kasai bakafukuzwa huku, balimupandisha ku train, rabot yake ya kulainisha mbao ikabakia hapa ku Musonoi. Kisha myaka, alirudia Kolwezi. Sasa alikuya kuweka offre, bei yake ya kuuzisha mabanc ya masomo, mu ordinateur yenye bapartenaires ba inje balileta.

Agent, bic, kalamu yake, mu mukono, akauliza: "Tata, territoire d'origine? Bankambo bako batoka wapi?" Zamani, jibu ile ndiyo ilikuwa inaua dossier ya mutu wa Kasai.

Tata akavaa lunettes ku macho, akapitisha kidole ku écran polepole, toka juu mpaka chini. "Mwana, unionyeshe fasi ya kuandika ile."

Agent akatafuta. Machine ilikuwa inauliza bei, mbao, na siku ya kuleta.

"Haiko, tata."

"Eh bien, funika bic yako!"

Ligne yote ya batu ikacheka. Offre ikaingia.

Mi nilifurahi, vraiment. Lakini niko na licence ya université, sina kazi, na fomu zenu za kazi, bakubwa ba serikali, zingali zinauliza swali ileile. Bakubwa, swali yenye mulitosha, muliondoa mu machine, mutoshe na ku makaratasi!