Nyimbo za Kubebea Majani

Nakumbuka siku moja, wakati wa Mwingereza, shangazi yangu aliposimamishwa mbele ya usharika mzima akatubu kwa sababu ya kuimba. Hakuiba, mwanangu, wala hakumroga mtu. Aliimba tu.

Jana ulinisikilizisha kwenye simu yako nyimbo ulizozipenda mwezi huu, ukaniuliza kama na mimi niliwahi kupenda nyimbo hivyo. Nilifumba macho, ukadhani nimesinzia. Basi nakujibu leo.

Nilikuwa na mwezi wangu na mimi. Mama alikuwa amejifungua, nikapelekwa kukaa kwa shangazi, dada mkubwa wa baba, mjane asiye na mtoto, huko juu ya Usa River. Sisi Wameru ng'ombe tunawafungia ndani, kwa hiyo majani yao tulikuwa tukiyafuata chini bondeni, tunakata, tunapanda mlima na mizigo kichwani. Shangazi alikuwa na nyimbo za kupandia, za Kimeru. Kulikuwa na wimbo wa kule chini ambako njia ni tambarare. Kulikuwa na mwingine wa kwenye mwinuko, maneno yake mafupi mafupi ili upate kuvuta pumzi. Na wa mwisho ulikuwa wa kuwaambia ng'ombe kwamba tumekaribia. Huo niliupenda kupita kiasi. Ng'ombe wakiusikia walianza kulia huko ndani, nasi tunacheka mpaka mizigo inatuyumbisha.

Kumbe mzee mmoja wa kanisa alikuwa akitusikia. Mimi wakati huo nilikuwa kwenye mafundisho ya kipaimara. Akaja nyumbani, shangazi akamtolea kigoda, akakataa kukaa.

"Mtoto huyu unamfundisha nyimbo za kipagani," alisema. "Hapati kipaimara mpaka utubu mbele ya watu."

"Mzee wangu, hizo ni nyimbo za kubebea majani. Kaa nikuimbie, uyasikie maneno yenyewe."

"Sitaki kuyasikia."

Alimjibu hivyo hivyo, mwanangu. Mpaka leo nikilikumbuka jibu lile damu inanichemka.

Jumapili iliyofuata shangazi alisimama akasema nyimbo zake ni za shetani. Alisema kwa sauti ndogo, akaambiwa arudie. Kwa hiyo kipaimara nilipata, na gauni jeupe nilivaa. Jioni ile nikamwomba aniimbie ule wa ng'ombe, kidogo tu. Akanitazama.

"Nimeahidi mbele za Mungu, na nimeahidi kwa ajili yako. Usiniombe tena."

Hakuimba tena mpaka tulipomzika. Nilipokwenda kumsaidia tulipanda mlima kimya, na nakwambia majani yale yale yalikuwa mazito kuliko zamani.

Miaka ilipita, yule mzee naye akafa. Siku moja akaja kwangu mchungaji kijana, anatafuta nyimbo za asili za kufundisha kwaya. Nilijaribu. Sauti niliipata, lakini maneno yalikuja mawili matatu ya mwanzo, mengine yakagoma. Akanishukuru kwa adabu, akaenda zake. Nililia kwa hasira. Watu huniambia nisamehe, yamepita. Sijasamehe bado, na Mungu analijua hilo, sina haja ya kumficha.

Kwa hiyo nakuasa. Nyimbo zako za simu zipende, sikukatazi, nyingine hata mimi zimenichangamsha. Ila wimbo uliousikia kinywani mwa mtu wako, jifunze mpaka mwisho wake angali hai, maana mimi mwezi mmoja haukunitosha. Wakikupa heshima ambayo lazima mwingine adhalilishwe ndipo uipate, ikatae, hata kama gauni limeshashonwa. Na ukija kuwa mkubwa, wa kanisa au wa popote, usihukumu kitu ulichokataa kukisikiliza.

Mungu akutunze, mwanangu. Akupe sauti nzuri na watu wa kukuitikia, na asipatikane mtu wa kunyamaza maisha yake yote kwa ajili yako.