Amplifaya Iliyonguruma Jioni Tu

"Ameipiga deki," kaka yangu alikuwa akisema nilipofika mlangoni. "Amplifaya yangu ameipiga deki kama sakafu ya choo. Sasa inanguruma."

"Nilipangusa vumbi, baba. Kwa kitambaa kikavu," mkamwana wake akajibu, mtoto mgongoni, mumewe kando yake akitazama kucha zake.

"Ilipokuwa na vumbi haikuwahi kunguruma."

Binti wa watu akaenda zake jikoni, na tangu siku hiyo hakukanyaga tena sebuleni. Chakula alikula amesimama karibu na sinki. Mumewe, ambaye maneno humtoka kwa kupimiwa, akatafuta chumba cha kupanga mtaa mwingine. Jumamosi wangehama, na mjukuu wangemchukua. Mjukuu huyo ndiye mtu pekee aliyeruhusiwa kupiga kelele muziki wa babu ukiwa unacheza.

Maana kaka yangu ndivyo alivyo. Maisha yake yote ya kazi aliendesha mashine ya kusaga unga. Alitoka nyumbani mweusi, akarudi mweupe mpaka nyusi. Kelele zile zilimla sikio moja. Lililobaki akasema atalitunza kwa muziki. Alipostaafu alinunua amplifaya na spika mbili zenye ukubwa wa makabati. Ikifika jioni, ukitaka kukohoa uende nje. Mtaani wanamwita Bwana Kimya, na yeye anadhani ni heshima.

Ijumaa jioni nikamfuata.

"Kaka, amplifaya umeichunguza, au umemchunguza mtoto wa watu tu?"

"Mashine ikinguruma, beringi imekufa au kuna kitu kimelegea. Nilijua hayo kabla hujaota meno."

"Ndani ya amplifaya kinazunguka nini hata iwe na beringi?"

Nikamwambia achomoe nyaya za spika. Akachomoa. Sanduku likaendelea kunguruma kama mtu aliyenuna. Kumbe si spika, ni sanduku lenyewe. Akachukua mwiko, akaweka ncha juu ya sanduku na mpini sikioni, kama alivyokuwa akiisikiliza mashine yake ya unga. Akautembeza huku na huku, amefumba macho.

"Transfoma," akasema.

Tukazima, tukachomoa plagi, akafungua mfuniko na kukaza skrubu za transfoma. Tukawasha. Inanguruma.

"Unaona? Maji yameingia."

"Asubuhi nayo hunguruma?"

"Asubuhi hapana."

"Basi hayo maji asubuhi huenda kazini."

Tukaibeba hadi kwangu, ng'ambo ya barabara. Kwangu ikakaa kimya kama mgeni mwenye adabu. Tukairudisha kwake, ikaanza tena. Nikamwambia, ugonjwa uko kwenye nyumba yako.

Yeye akabaki sebuleni na mwiko wake sikioni, mimi nikapita nikichomoa plagi chumba kwa chumba. Friji. "Bado," akasema. Chaja ya simu. "Bado." Nikafungua mlango wa chumba cha kaka na mkewe. Wifi yangu amejilaza, na shuka limevimba kwenye miguu kama puto. Ndani ya shuka, draya ya nywele.

"Wifi, unakausha nini?"

"Napasha magoti. Tangu wiki iliyopita, ikifika jioni yananiuma. Nimeweka moto mdogo nisimsumbue mwenye muziki wake."

Nikaizima.

"Imenyamaza," kaka akasema kutoka sebuleni.

Nikawasha moto mkubwa. "Kimya." Nikarudisha moto mdogo.

"Inanguruma," akasema, na safari hii sauti yake ilikuwa ndogo.

Fundi redio tuliyempigia simu wala hakushangaa. Draya nyingine, alisema, zikiwekwa moto mdogo hula nusu moja tu ya wimbi la umeme, na transfoma ya kifaa kingine cha nyumba hiyohiyo hulalamika. Amplifaya ni nzima.

"Kwa hiyo mkosaji ni mimi," wifi akasema.

"Wewe hukujua," kaka akasema. "Tutapangiana saa."

"Nimesamehewa upesi hivyo? Mwenzangu amekula wima wiki nzima."

Kaka akanitazama. Watu wa rika lake hutuma mjumbe: kamwambie yameisha.

"Mimi simo," nikamwambia. "Mdomo uliomsingizia unao wewe."

Jikoni, mkamwana alikuwa akifunga vikombe kwa magazeti. Kaka akasimama mlangoni kama mtu aliyekuja kuomba kazi.

"Mwanangu, nilikusingizia. Hakukuwa na maji. Nisamehe."

Akamaliza kwanza kufunga kikombe kilichokuwa mkononi. "Ungeniuliza, baba."

"Ningekuuliza."

"Ulinisema mbele ya mume wangu. Na haya yaseme mbele yake."

Kaka akamwita mwanawe kutoka uani, akayarudia yote, kwa sauti ya mtu aliyezoea kushindana na mashine. Nadhani mpaka kwangu yalisikika.

"Yameisha, baba," mkamwana akasema. Akavuta sanduku la vyombo, akaanza kuvifungua vile vikombe, na magazeti akampa mkwewe ayakunje.