Doa la Heshima

Bibi Dobi alikuwa amefua nguo za watu tangu usichana wake, na doa lililomshinda lilikuwa bado halijazaliwa. Familia ilipohamia mtaa mpya aliwaambia wanawe: mgeni hutazamwa kucha kabla ya uso.

Wakaja wahudumu wa afya, nyumba kwa nyumba, na matone ya chanjo ya polio. Mjukuu wake akafumbua kinywa, akapewa matone, akapakwa wino kwenye kidole cha mwisho. Mlangoni wakachora alama ya chaki, kuonyesha nyumba imefikiwa.

Bibi akakitazama kidole. Akautazama mlango. Akaleta ndimu, chumvi na dodoki.

Kesho yake wakapita wakaguzi. Mlango safi, kidole kinang'aa. Mtoto akapewa matone tena, wakachora tena, na Bibi akasugua tena.

Jioni fundi cherehani wa jirani, mwanamke ambaye ulimi wake hauna breki, akaegemea ukuta. "Mama mgeni, mbona watu wa afya hawabanduki kwenu? Mtaani wanasema mnaficha watoto."

Bibi akakaa kitako. Ukoo mzima uliohama na jina lake safi, leo unaitwa ukoo wa kuficha watoto!

Asubuhi mhudumu akarudi na kijisanduku chake cha barafu. Fundi naye akasogeza cherehani mlangoni, asipitwe na neno.

"Shikamoo, Bibi. Mtoto amechanjwa?"

"Marahaba. Amechanjwa mpaka basi."

"Alama iko wapi?"

"Nimeitoa."

"Wino huu hautoki, Bibi."

"Hautoki kwa nani?"

Mhudumu akaguna. Bibi akanyoosha kidole chake mwenyewe. "Nipake."

Akapakwa. Wino ukakauka. Ndimu, chumvi, dodoki, na mtaa mzima umekodoa macho. Kidole kikatoka safi kama cha bibi harusi kabla ya hina. Mjukuu, kwa mazoea, alikuwa ameshaachama kama kinda la ndege.

Mhudumu akacheka mpaka akashika kijisanduku. "Matone ya ziada hayamdhuru. Lakini Bibi, doa hili ndilo shahidi wako. Ukilifua, nani atakutetea?"

Akampaka mtoto, akachora mlango upya. Mara mawingu yakatanda, manyunyu yakaanza. Bibi akatoa kiti na mwavuli, akaketi nje, mwavuli ameuinamishia mlango.

"Mama mgeni, unalowa," fundi akamwambia.

"Mimi nitakauka," Bibi akajibu, akausogeza mwavuli karibu zaidi na chaki.