Udongo Kwenye Kopo la Mume Wangu

Wenzangu, kama hujawahi kukuta udongo chini ya kitanda unacholalia, usinicheke.

Nilikuwa nafagia. Ufagio ukagonga kitu kule ukutani, nikavuta. Kopo la kahawa, mfuniko umezungushiwa selotepu mara tatu.

Nikafungua. Udongo mwekundu, mkavu, wa kujaa kiganja. Juu yake kikaratasi chenye maneno mawili. La kwanza niliona ni Kiarabu. La pili sikulijua, herufi zake za pembepembe.

Mwandiko wa mume wangu. Yeye ni fundi wa kuchonga mawe ya makaburi, anachongea watu wa kila dini, na mkono wake naujua.



Nikampigia mdogo wangu. Hata salamu hatukupeana.

"Dada, unamalizwa hivyo! Mwanamume anaficha udongo wa nini?"

Na kweli nilishaanza kumshuku. Miezi mitatu alikuwa akirudi kimyakimya, anakaa ukingoni mwa kitanda, nikiingia anasukuma kitu kwa kisigino. Nikiuliza, "Hakuna kitu, mke wangu." Hakuna kitu, na jasho linamtoka!

Nikabeba kikaratasi hadi kwa jirani yetu, mwalimu mstaafu anayesoma lugha kama wengine wanavyosoma magazeti. Akavaa miwani.

"Hili la Kiarabu ni turab. Udongo, vumbi. Kwa Waislamu ndimo mtu alimoumbwa, na ndimo atakamorudi. Hili la Kiebrania ni adama, ardhi. Wayahudi wanasema Adamu alitolewa humo, hata jina lake limetoka humo."

"Atarudi nani?"

"Kila mtu."

"Na mimi?"

"Hata wewe, mama."

Sikusikia kingine. Kumbe mwenzangu ananiandalia safari! Nikarudi mbio, nikamwaga udongo wote kwenye mfereji wa nyuma, nikausindikiza kwa ndoo mbili za maji. Kopo nikaliosha kwa sabuni. Nikapanga nguo zangu kwenye begi, nikamsubiri.

Alirudi jioni na vumbi la mawe kwenye nyusi. Akaliona kopo mezani, safi.

"Uchawi wako nimeumwaga," nikamwambia. "Sasa niambie, ulipanga kunizika lini?"

Akaketi sakafuni. Mtu anayebeba jiwe peke yake, akaketi sakafuni.

"Umeumwaga wapi?"

Nikanyoosha kidole. Akachukua kijiko, akatoka. Nikamfuata, mdomo bado haujachoka, nikamkuta amepiga magoti mferejini.

"Ule udongo ni wa kaburi la mwanetu," akasema.

Wapendwa, mtoto wetu alifariki akiwa na siku mbili. Nilikuwa nimelazwa, sikumzika. Nilipotoka hospitali nilimwapisha baba yake asimtaje tena, wala asinionyeshe alipolala. Miaka minne, na hakumtaja.

Miezi mitatu nyuma barabara ikapitishwa pale makaburini. Makaburi yenye mawe yalihamishwa. La mwanetu halikuwa na jiwe. Fundi mzima wa mawe, mwanawe hana jiwe, kwa sababu mimi nilikataza hata jina. Alichowahi mbele ya katapila ni kiganja kimoja cha udongo.

Nikamuuliza, "Na yale maandishi?"

"Nilitaka kumwandikia kitu. Kwa lugha yetu ungesoma, ungeumia. Maneno yale nilishawachongea wateja, wakanieleza maana yake. Nikaona yanamtosha."

Nikapiga magoti kando yake. Tulichota tope mpaka jua likazama. Tulipata vijiko vitatu, na hadi leo sijui kama ni yeye au ni tope tu.

Mdogo wangu anasema ni ajali, nisijilaumu. Hapana. Mimi ndiye niliyemfunga mume wangu mdomo, halafu nikamshuku kwa kunyamaza. Wewe unayesoma, kama kuna mtu uliyemkataza kusema, nenda leo ukamfungulie.