Kondoo Aliyenyamaza

Nakumbuka asubuhi moja ya mvua, mwanangu, niliporudi kwetu nje ya Kahama nikitoka machimboni Geita, nikijiona mimi ndiye mimi. Na nilikuwa na haki ya kujiona. Shule niliishia darasa la nne, lakini nilishaezeka nyumba ya mama kwa bati, nyumba ya kwanza ya bati kijijini kwetu. Jiwe la dhahabu ukinipa nilikuwa nalipima kwa kiganja tu, nakwambia lina kitu au halina. Hata leo mtaa wa Nyasubi, pale Kahama mjini, ukiuliza habari zangu utaonyeshwa maghala yangu. Basi sikia jinsi mtu kama mimi alivyoshindwa na kiumbe cha uzito wa kuku wawili.

Baba alikuwa amefariki mwaka ule, na katika kundi lake la kondoo alibaki jike mmoja tu, mwenye mimba. Alfajiri ile akazaa jike, akafa. Nikasimama zizini nakitazama kitoto kile kinatetemeka kwenye tope. Kikifa hicho, kondoo wa baba wamekwisha, mbegu aliyoilinda maisha yake yote imepotelea mkononi mwangu.

Kuuliza si ujinga, wanasema wahenga. Mimi niliona kuuliza ni kujishusha. Nikasafisha chupa ya soda, nikaivalisha chuchu ya mpira ya kunyonyeshea mtoto, nikajaza maziwa ya ng'ombe yaliyolala. Nikamlaza mwanakondoo chali mapajani, kama mama anavyomlaza mtoto wake, nikamnywesha. Akapaliwa, maziwa yakamtoka puani. Akalia. Nikasema njaa hiyo, nikaongeza. Akalia zaidi, nikaongeza zaidi. Mwisho akanyamaza kimya, kichwa kikalala kwenye mkono wangu. Mwanangu, nilijipongeza.

Ndipo akaingia Mama Kabula, jirani yetu, mjane aliyefuga kondoo na mbuzi tangu mimi sijazaliwa. Alikuja kunipa pole ya yule jike.

"Shikamoo, Mama Kabula. Usihangaike, huyu kashiba. Hata kelele hana."

"Marahaba." Hakucheka. Akachuchumaa, akamtia mwanakondoo kidole mdomoni. "Hebu weka na chako. Unasikia nini?"

"Meno hakuna."

"Nani kakuuliza meno? Joto, baba! Lipo?"

Halikuwepo. Mdomo ulikuwa wa baridi kama jiwe lililotolewa kisimani.

"Mawe unayajua kwa kiganja," akasema, "kiumbe hai kinakushinda! Huyu alikuwa analia baridi, wewe unamjaza maziwa. Tumbo likipoa halisagi kitu. Na kunyamaza huku siyo shibe. Anazimika."

Hapo nikachanganyikiwa kabisa. Alipolia nilikosea kumpa, aliponyamaza nilikosea kufurahi; sasa nifanye lipi? Nikanyanyua chupa, nikaishusha, nikainyanyua tena. "Mayu," nikamwita kwa Kisukuma, kama mtu anayemwita mama yake mzazi, "nimpe au nisimpe?"

"Weka chini hilo lichupa lako."

Akamfikicha kwa gunia kavu mpaka manyoya yakasimama, akamfunga kifuani ndani ya kanga yake, akakaa jikoni karibu na moto. Tukangoja. Mimi wa kushuka kwenye duara, shimo refu lisiloonyesha mwisho wake, nilikuwa nimekaa kwenye kigoda nachochea moto usiohitaji kuchochewa. Kila mara nauliza, tayari? Ananiambia, bado. Nilitaka hata kumkasirikia, nikakosa la kumkasirikia.

Jua lilipopanda akaniambia nitie kidole tena. Mdomo ulikuwa na joto, na kidole kikanyonywa! "Sasa," akasema. Mbuzi wake alikuwa amezaa juzi yake. Akakamua dang'a, yale maziwa mazito ya kwanza, ya manjano, akayapasha kidogo. Akamsimamisha mwanakondoo kwa miguu yake minne, shingo imenyooka, kama anayenyonya kwa mama yake. Funda chache, akamwondolea chupa.

"Bado anataka," nikasema.

"Atataka. Haba na haba hujaza kibaba. Utampa tena baadaye."

Mwanakondoo alikohoa siku tatu kwa yale maziwa yaliyompalia, nami kila akikohoa nakimbilia kumtazama. Siku ya nne akanipiga kichwa gotini akidai chupa. Kondoo wote nilio nao leo, mwanangu, na ni wengi, usinipimie kwa macho, wanatokana na yule.

Lakini nisikudanganye kwamba siku hiyo niliyaelewa yote. Mpaka leo mtu wangu akilia sijui upesi analilia nini. Mara ngapi nimempa mke wangu kitenge, kumbe alitaka nikae naye tu! Mara ngapi nimefurahia nyumba iliyotulia, wakati wahenga walishasema kimya kingi kina mshindo mkuu.

Basi shika hili. Kabla hujampa mtu kitu, msogelee kwanza ujue amepungukiwa nini, maana wema wa pupa huzamisha. Aliyekuwa akilia akinyamaza ghafla, usikae, amka. Na usipojua, muulize anayejua, hata kama nyumba yako ina bati na yake ina nyasi.

Mungu akupe zizi lenye kelele, mwanangu, akupe na jirani asiyeogopa kukwambia umekosea.