Begonia ya Mama Njeri na Mfuko wa Koti Langu

Mugutha, Jumamosi, saa moja asubuhi. Safari hii ilisababishwa na mkono wangu wa kulia. Mkono huu ulifanya kazi miaka thelathini katika shamba la kahawa huku Ruiru, na kazi yake ilikuwa moja tu: kupita mti kwa mti ukichuma kila tunda lenye dalili ya ugonjwa, kabla halijaambukiza mengine. Nilisifiwa sana. Siku ya kustaafu nilirudi nyumbani, lakini mkono haukupewa habari.

Tulikuwa tunakunywa chai na viazi vitamu, Njeri, mke wa mwanangu Wafula, alipompigia simu mke wangu Nekesa, naye akaiweka kwa sauti ya juu. Mamake Njeri, mwalimu wa biolojia aliyestaafu, anakaa Thika, na kwenye veranda yake kuna begonia, mmea wa maua wa mwituni uliotoka milima ya Himalaya. Mwanafunzi wake wa zamani ndiye aliyemletea kiazi cha kupanda.

"Mum anaing'oa leo saa sita," Njeri alisema. "Anataka kupanda dhania."

"Haki! Ile anayoipenda hivyo?"

"Amechoka. Miaka mitatu inatoa maua na haijawahi kukomaza tunda hata moja. Kitabu chake kinasema bila tunda huwezi kujua ni aina gani. Anasema hawezi kuendelea kulea mgeni asiyetaja jina. Tumbili wanakula vile vitu vya mabawa vyote."

"Vitu gani vya mabawa?" nikadakia.

"Tunda changa, Dad. Linakaa nyuma ya ua la kike. Lina mabawa matatu."

Nikakirudisha kiazi kwenye sahani. Vitu hivyo nilivijua.

Kwa Mama Njeri mimi ni mkwe, kwa hiyo kila nikienda napewa kiti kilekile cha heshima pale verandani, kando ya chungu cha begonia. Kwetu magharibi mtu haropoki mbele ya wakwe. Basi mimi hukaa kimya, na nikikaa kimya mkono hutafuta kazi. Nyuma ya baadhi ya maua niliona uvimbe wa kijani wenye masikio matatu, moja refu kuliko mengine. Nikajiambia, huo ni ugonjwa. Nikachuma. Na kwa kuwa mtu mwenye adabu hatupi takataka kwa mkwe, nilivitia katika mfuko wa koti. Koti hilo silivai popote isipokuwa kwa wakwe.

Kibaya zaidi, Mama Njeri alipowatukana tumbili, nilimsaidia kuwatukana.

Nilimweleza Nekesa yote. Akacheka mpaka akaweka kikombe chini.

"Mpigie simu umwambie."

"Nimwambie mkwe kwa simu kwamba tumbili ni mimi?"

"Basi nenda na ushahidi. Koti liko wapi?"

Koti nilikuwa nimemwazima binamu yangu Shikuku, aende nalo harusini.

Mtaa wa Kahawa Sukari, saa mbili unusu. Thika iko upande mmoja, mimi nikaenda upande wa pili. Shikuku ni mtunza nyumba wa vyumba vya wanafunzi. Nilimkuta mkewe, Rispa, uani mbele ya beseni la povu. Suruali ya Shikuku ya harusini ilikuwa imeshazama.

"Rispa, koti! Umelifua?"

"Hilo? Mimi siligusi." Akaelekeza kidole kwenye kamba, pembeni kabisa, mbali na nguo nyingine. Koti lilining'inia kama mtu aliyetengwa na kanisa. "Baba Wafula, nilitia mkono mfukoni nikapata vitu vikavu vyenye mabawa. Ni popo? Tangu lini umeanza mambo ya waganga?"

"Ni matunda, Rispa."

"Matunda ya nani?"

Shikuku akatokea akipangusa pua. "Hiyo koti iliniaibisha, ndugu yangu. Maharusi wanaapa, mimi napiga chafya. Vumbi tu inatoka mfukoni!"

Nilimshukuru Rispa kwa kuniogopa. Nikalivaa koti, nikaufunika mfuko kwa kiganja, nikaondoka.

Njia ya Thika. Jua lilikuwa kali na mimi nimevaa koti la sufu. Safari nzima ndani ya matatu sikuondoa kiganja mfukoni. Mama mmoja aliyeketi karibu nami alinitazama, kisha akanionea huruma.

"Mzee, ni tumbo?"

"Hapana, mama. Ni dhamiri."

"Hiyo pia, maji moto husaidia."

Thika, upande wa mto Chania, saa sita kasoro robo. Nyumba ya Mama Njeri iko juu ya mteremko, na maporomoko yanasikika kwa mbali. Jembe lilikuwa limeegemezwa ukutani, miche ya dhania iko tayari. Begonia ilikuwa pale pale: majani yenye manyoya na madoa kama ya kuchorwa kwa brashi, kila jani na bega moja kubwa kuliko jingine, na maua ya waridi.

"Haiya! Baba Wafula, peke yako? Keti, keti."

"Mama Njeri, nimekuja kusema jambo."

"Kwangu hakuna jambo kabla ya chai."

Akaingia ndani. Nikaketi kwenye kiti changu nikipanga maneno. Nilitafuta neno la upole la kuanzia, nikalitafuta sana. Mama Njeri alitoka na sinia, akasimama, akatazama chini. Nami nikatazama. Vidole vyangu viwili vilikuwa vimeshika uvimbe mpya wa kijani, wenye masikio matatu, tayari kuuvunja.

"Ngai!" akasema. "Kumbe ni wewe!"

Niliachilia polepole. Uvimbe ulibaki shinani, salama.

"Nimeweka waya," akasema. "Nimetafuta mbwa. Nimeamka alfajiri kurusha mawe mtoni. Na tumbili mwenyewe namwandalia chai!"

"Nimekosa, Mama Njeri. Nilidhani ni ugonjwa. Sikuuliza. Na niliposikia wengine wakilaumiwa, nilikubali kwa sauti kubwa. Hilo ndilo linaloniuma zaidi."

Nikaona afadhali nimalize aibu yote mara moja: nikavua koti, nikageuza mfuko juu ya sinia. Yakamwagika matunda makavu kumi na moja, na vumbi laini la kahawia.

Mama Njeri akasahau hasira. Akakimbia kuleta miwani, kitabu na wembe. Alikata tunda moja katikati, akahesabu kwa sauti: "Vyumba vitatu. Mabawa matatu, moja limerefuka." Akafungua ukurasa, akarudi nyuma, akaenda mbele. "Ni picta, Baba Wafula. Maana yake ni iliyochorwa. Nilishuku! Na hili vumbi ni mbegu. Usipumue!"

Jembe likarudishwa stoo. Dhania ilipandwa nyuma ya jiko. Akaandika kibandiko kama wanavyoandika wataalamu, akanisomea:

"Begonia picta. Asili: Himalaya. Mahali tunda lilipopatikana: mfuko wa koti. Mkusanyaji: Baba Wafula."

Nilinyoosha mkono kuchukua koti.

"Liache," akasema. "Kwenye mishono bado kuna mbegu. Hii sasa ni sampuli."

Mugutha, saa kumi na moja jioni. Nilirudi na shati tu. Miaka thelathini nilifundishwa kutambua kilicho kigonjwa, na sikuwahi kumwuliza mtu kizima kinafananaje. Nimejifunza hilo nikiwa na mvi, tena kwa mkwe.

Nekesa alinipokea mlangoni, akanikagua juu mpaka chini.

"Amekusamehe?"

"Ziara ijayo nitakaa kiti cha mbali, na atanipa maharagwe nimenye."

"Na koti?"

"Limebaki Thika. Lina jina la Kilatini."