Tulipiga rokenrol Temeke enzi za Ujamaa, na jibu langu moja likamtoa rafiki yangu mjini

Wakuu, habari za mchana. Kama humu wamo walionizidi umri, shikamooni.

Juzi kuna member aliuliza kama rokenrol iliwahi kufika Bongo. Wakamcheka, wakamwambia sie tulikuwa na dansi na taarab tu. Nimekaa siku mbili najiuliza kama inanihusu. Nikaona inanihusu. Ilifika. Mie nimeipiga.

Nitaandika ninayoyakumbuka, na pale nisipokuwa na hakika nitasema. Shule yangu ni darasa la nne la zamani, mtanivumilia. Nilikuwaga naandika daftari kila siku, lakini mengi yameliwa na mchwa, na yaliyobaki nikiyasoma naona niliandika zaidi habari za mvua.

Haya.

Baada ya uhuru nilikuwa kijana Temeke. Jirani yetu alikuwa mchonga vinyago kutoka Newala, na mwanawe Salvatori ndiye alikuwa rafiki yangu. Mjomba wake Salva alikuwa mpishi kwa mzungu mmoja Oysterbay. Mzungu alipofunga virago akamwachia gramafoni ya kuzungusha kwa mkono na santuri tatu.

Mbili za kanisani. Ya tatu rokenrol.

Wakuu, sijui niwaelezeje. Ilipoisha mara ya kwanza Salva aliinuka akatoka uani, akazunguka, akarudi, akasema, "Weka tena."

Baba yake akamchongea gitaa la mninga. Mie langu la kuazima. Yeye solo, mie ridhim. Nilikuwa mpigaji wa kawaida, labda chini ya kawaida. Salva alikuwa hatari.

Sasa sikieni hii. Ile santuri ilikuwa na mkwaruzo. Katikati ya wimbo sindano inaruka, muziki unakatika kidogo, halafu unadakia mbele. Sie hatukujua. Tulidhani ndivyo Wamarekani wanavyopiga!

Tukakaa wiki nzima uani tunafanyia mazoezi ule mruko, wote tukate pamoja, wote tudake pamoja. Ulitutesa kuliko wimbo wenyewe.

Tulikuwa tunapiga dansi la Jumapili mchana, ukumbi mmoja wa bati hukohuko Temeke. Wachezaji wakaupenda sana. Pale pa kukatika mguu unabaki hewani, ukumbi kimya, halafu wote puu, chini. Wakauita kwikwi. "Salva, tupe kwikwi!" Jina langu hawakulijua, lakini sikudai.

Siku moja akaja baharia mwenye santuri hiyohiyo nyumbani kwake. Alicheka mpaka akashikilia ukuta.

"Nyie! Santuri yenu mbovu! Wimbo hauna hapo!"

Mie nikatafuta pa kuficha uso. Salva akamjibu palepale, "Basi wa kwako ndio umepungukiwa, braza."

Kwikwi ikaendelea.

Baadaye mambo yakabadilika. Miaka ya Ujamaa ikaanza kusemwa kwamba muziki wa kizungu unapotosha vijana, yaani muziki huo pamoja na suruali za kubana. Niwatendee haki vijana wa chama waliokuja ukumbini kwetu: hawakumgusa mtu. Walisema kwa adabu. Mmoja wao nilimjua, hakuna aliyecheza kwikwi kumzidi. Na hoja yao haikuwa ya kijinga, nchi ilikuwa inatafuta sauti yake. Mie nusu nilikubaliana nao.

Mwenye ukumbi akaogopa, akatukatalia.

Wakati huo bendi za mashirika zilikuwa zinaajiri. Mshahara, vyombo vya umeme, sare. Bendi moja ya Kinondoni ilitaka wapiga gitaa wawili. Tukaenda kujaribiwa.

Kwa Salva ilikuwa kufa na kupona. Baba yake alikuwa amesharudi kusini, yuko kwenye kijiji kipya, na ameleta ujumbe: kama hujapata kazi inayoeleweka, njoo ulime korosho. Akikosa pale, mji basi.

Alipiga rumba siku ile mpaka wapiga tarumbeta wakaacha kuongea. Sijui ni furaha, mwishoni akachomekea rokenrol kidogo. Akaweka gitaa chini, akatoka nje bombani kunywa maji.

Kiongozi wa bendi akanigeukia.

"Ndugu, mwenzako anajua sana. Lakini nikimpa kazi, ataacha haya mambo ya kizungu?"

Nilifikiri. Wallahi nilifikiri.

"Kusema kweli, ndugu kiongozi, sidhani kama ataacha."

Mie nikapata kazi. Salva akakosa.

Nilimsindikiza kupanda basi la kusini. Alikuwa anatania tu. "Hongera Hamisi. Sasa utapaka nywele mafuta kama karani. Wakikuchoka njoo Newala, nitashika jembe la solo, wewe la ridhim."

Nikacheka naye. Sikumwambia nilichosema.

Daftari la siku ya majaribio lipo. Limeandikwa: "Nimepata kazi. Salva kakosa. Mvua." Basi. Kwa hiyo hata mie siwezi kujua kama nilisema kwa ukweli, au kwa sababu hakuna aliyewahi kuita jina langu pale ukumbini. Nimejiuliza miaka yote.

Nilipiga kwenye bendi ile muda mrefu. Na niwaambie, rokenrol haikuondoka. Sikilizeni nyimbo za dansi za zamani, pale mwishoni solo linapochachamaa na watu wanaacha soda mezani. Sisemi yote imetoka huko. Kuna Kongo, kuna Cuba, kuna ngoma zetu. Ila vidole vyetu vilikuwa vimeshapita huko. Hata kiongozi wetu akinogewa ilikuwa inamtoka. Labda hakujua. Labda alijua akanyamaza.

Uzeeni binti yangu akanisomea kwenye simu kwamba walioianzisha rokenrol ni watu weusi wa Marekani, wajukuu wa waliofanywa watumwa. Walichanganya nyimbo zao za shida na za kanisani, wakatia gitaa la umeme.

Mambo ya kizungu, eti.

Hilo likanikaa kichwani. Ningelijua siku ile Kinondoni ningekuwa na la kujibu. Au ningesema vilevile, sijui.

Mwezi uliopita nikakutana na binti yake Salva, anaishi Vingunguti, sura ya baba yake tupu. Akanipa namba ya mzee wake. Nikapiga, nikamweleza yote bila kupumzika.

Salva alinisikiliza mpaka mwisho. 

"Hamisi, hukusema uongo. Ile kitu nilikuwa naipenda."

Nikaanza kupumua.

"Lakini si nilikuwa hapo nje bombani? Ungeniita ukaniuliza. Ningekwambia naiacha leoleo. Mji niliutaka zaidi."

Wakuu, lile bomba lilikuwa hatua kumi kutoka pale tulipokaa.

Hakugomba. Aliniuliza ukumbi wetu bado upo, nikamwambia sasa ni ghala la saruji. Akasema, "Aa." Nikamuuliza kama bado anapiga, akasema vidole vimekataa.

Nilichojifunza ni hiki tu: ukiulizwa habari za mtu na mwenyewe yupo karibu, mwite. Ukweli wako juu yake unaweza kuwa ukweli, na bado si wako kuutoa.

Waliowahi kuicheza rokenrol Temeke, Kinondoni, popote, au waliosimuliwa na wazazi wao, andikeni hapa chini, hata jina la ukumbi tu. Na anayeona najilaumu mno, au najilaumu kidogo, aseme, sitachukia.

Macho ya Salva hayasomi tena. Mtakayoandika nitampigia nimsomee.